Mstari Mpana wa Baba

Radhia Saidi,
Nyuma ya Soko,
Karatu.
21 Agosti 2024

Mpendwa kaka yangu Sadiki,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumaini barua hii itakukuta mzima wewe, wifi Rukia na watoto, na kwamba joto la Mtwara halijawayeyusha bado. Je, mgongo wako umeacha kukusumbua? Na wifi, ile homa ya mwezi uliopita imekwisha kabisa au bado inamnyemelea? Tunamwombea kila siku. Sisi huku wazima, alhamdulillah. Tunakohoa kidogo, lakini hicho si kikohozi cha ugonjwa, ni vumbi tu.

Vumbi la mwaka huu usiulize. Unaikumbuka Agosti ya Karatu: upepo unashuka kutoka msituni Ngorongoro, magari ya watalii yanapita kama yanafukuzwa, na udongo wetu mwekundu unaingia hata kwenye chupa iliyofungwa. Juzi nimeanika shuka nyeupe asubuhi, mchana nikaanua shuka ya rangi ya chungwa. Ila maharage ya shamba letu la kule Daa yamevunwa vizuri, na yale ya njano unayoyapenda nimekuwekea.

Najua unajiuliza kwa nini naandika barua wakati simu ipo. Kwanza, kwenye simu unanikatiza, tena usibishe. Pili, Mama husikia kila ninachosema hata nikijificha jikoni. Macho yamemwacha lakini masikio ni kama yameongezewa. Tatu, ninayotaka kukueleza hayasemeki kwa haraka. Picha nimejaribu kupiga, zinaonesha sakafu tu. Benson, jirani yetu anayeendesha lori la vitunguu vya Mang'ola, anakuja huko kusini, nami nimemkabidhi bahasha hii pamoja na maharage. Asipokupa maharage, niambie.

Nianze na Mama, kwa kuwa yote haya ni yake. Tangu presha ya macho imalize na lile jicho la pili, amejitahidi kuliko nilivyotegemea. Anakula vizuri. Mchele anauchambua kwa vidole, na mimi mwenye macho ndiye ninayeacha mawe. Kinachomuumiza ni swala. Udhu anachukua mwenyewe, maana bafu linapakana na chumba chake na anafika kwa kushika ukuta. Lakini akitoka bafuni mbele yake kuna sebule yote, pana, haina cha kushika. Kuswalia chumbani hataki. Anaitaka ile kona ya kaskazini aliyokuwa akiswalia na marehemu Baba.

Basi inambidi asubiri mtu wa kumshika mkono, na mchana mimi niko dukani. Siku moja mgeni alimtandikia mkeka kwa haraka, akaswali Alasiri yote ameelekea friji. Nilipoingia nilimkuta anatoa salamu, nikashindwa kuficha mshtuko, naye akaniuliza kuna nini. Nikamweleza, kisha nikamwambia Mwenyezi Mungu anaijua nia yake. Akasema, "Najua, mwanangu. Lakini mimi sikujua nimeelekea wapi." Nilitoka nje nikalia karibu na tenki la maji.

Tangu siku hiyo haamini mkono wa mtu mwingine. Ananisubiri mimi, na hata mimi ananiuliza kama nina hakika. Adhuhuri inasogea mpaka inakaribia Alasiri, naye kakaa kitandani na udhu wake, anangoja mlango ulie. Mume wangu Swaleh alipendekeza tufunge kamba kutoka mlango wa bafu mpaka kwenye kona. Mama akamuuliza kama yeye ni mbuzi.

Ndiyo maana ulipopiga simu ukasema aje akae kwako, kwenye nyumba yenye watu saa zote, alikujibu "haya." Wewe uliisikia hiyo haya, mimi niliuona uso wake. Siku ileile alianza kupanga nguo sandukuni kama mpangaji aliyepewa notisi. Sikupinga, Kaka, kwa sababu sikuwa na njia nyingine ya kumfikisha kwenye kona yake.

Wanawake wenzake wa msikitini wakasema hawawezi kumwacha aondoke bila dua, tukakubaliana waje Jumamosi hapa nyumbani. Wageni wengi, mikeka chini, sahani chini. Nikainamisha macho nikaitazama sakafu yetu, na hapo aibu ikanishika kwa uchafu wa mistari yake.

Unaikumbuka sakafu ya sebule. Zile marumaru nyeupe ambazo Baba alizileta kutoka Arusha na kuzilaza mwenyewe akisaidiana na fundi, za kwanza katika mtaa wetu. Zimekaa mshazari na kuta, kwa sababu nyumba inafuata barabara na Baba alitaka sakafu ifuate kibla. Hilo tulilijua tangu utotoni; mikeka tulikuwa tunaitandika kwa kufuata mistari ya marumaru. Na bila shaka unaukumbuka ule mstari mmoja mpana kuliko mingine yote, unaoanzia mlango wa bafu na kukata sebule. Wewe ndiye uliyekuwa ukimtania Baba kwamba fundi wake alipima akiwa amefumba macho. Baba alikuwa akicheka tu, wala hajibu.

Mistari yenyewe wote tuliijua kuwa myekundu. Mama alikulia kwenye sakafu ya saruji huko Kondoa, ile inayopakwa polishi nyekundu mpaka ujione sura, na alipoletewa marumaru hakuona sababu ya kuiacha polishi yake. Kila Ijumaa alifungua kopo, akapaka, kisha mimi na wewe tukapanda juu ya vipande vya blanketi kuukuu na kuteleza ukuta kwa ukuta. Nadhani Karatu nzima hakuna watoto waliokuwa wakiteleza kutushinda. Sasa marumaru yenyewe hainywi nta. Lakini ile saruji nyeupe inayojaza maungio, ambayo mafundi wanaiita grauti, inakunywa kila kitu. Ikanywa polishi, ikanywa vumbi, ikanywa polishi tena, mpaka mistari ikajaa na kuwa sawasawa na marumaru. Hata tulipoacha polishi, ile ya zamani ilibaki humohumo.

Nikaenda kununua dawa kali ya choo, ile yenye tindikali. Nilidhani nimepata mkombozi. Nikaimwaga kwenye maungio ya pembeni, karibu na kabati. Ikachemka, ikatoa moshi, nami nikakohoa mpaka Naserian akaja mbio. Huyu Naserian hujamfahamu: ni jirani yetu wa nyumba ya bluu, kwao Arash kule Umasaini, anasimamia usafi wa vyumba katika loji moja njia ya Ngorongoro, na chai ya jioni tunakunywa pamoja. Alifungua madirisha yote, akaninyang'anya chupa.

"Dada Radhia, unataka kuiua sakafu au unataka kujiua mwenyewe? Hiyo kitu inakula saruji. Endelea tu, na hizi marumaru zitacheza kama meno ya mzee."

Alichuchumaa, akakwangua mstari kwa ukucha, akanusa. Akasema kilichojaa humo ni nta, na nta dawa yake ni joto. Tukachemsha maji, tukakoroga sabuni ya unga na magadi. Unamwaga kidogo kwenye mstari, unasubiri nta ilainike, unaichokoa kwa kijiti kilichochongwa, maana kisu kinachuna. Halafu unapaka magadi yaliyokorogwa mazito kama uji wa mtoto, unasugua kwa mswaki, unafuta kwa tambara, unabadili maji. Kisha unasogea hatua moja na kuanza upya. Nilikuwa naufunga duka mapema, naye akitoka kazini anakuja na mswaki wake. Magoti yangu hayajanisamehe mpaka leo.

Mstari wa kwanza ulipotokea, nilikaa chini nikaduwaa. Ulikuwa mweupe, Kaka! Mweupe kama maziwa ya asubuhi. Nimezaliwa humu, nimeolewa nikitokea humu, nimerudi kumtunza Mama humu, na kumbe rangi ya sakafu yetu nilikuwa siijui. Mama kwenye kiti chake akauliza mbona tumenyamaza. Nikamwambia sakafu yake ni nyeupe. Akasema, "Sasa mnaniambia wakati siwezi kuiona," na akacheka, na sisi tukacheka naye.

Lakini hilo halikuwa kitu. Subiri.

Alasiri moja Naserian alianza ule mstari mpana, pale mlangoni kwa bafu. Katika mistari mingine kijiti kiligusa saruji mara moja. Hapa kikazama. Akachokoa, ikatoka nta nyekundu iliyoiva na kuwa nyeusi, vipande virefu kama ngozi ya nyoka, na chini yake kukabaki mfereji mdogo, wenye kina cha nusu ya unene wa kidole. Haukuwa umebomoka. Ulikuwa umelainishwa pande zote, laini kama ndani ya kikombe, na ukipitisha kidole kinatulia humo kana kwamba kimepimiwa.

"Hapa hakuna aliyekosea," Naserian akasema. "Mtu akikosea, harembi namna hii."

Tukaufuata. Tukasogeza meza, tukaviringisha zulia, tukaendelea kuchokoa. Mfereji ulikwenda moja kwa moja bila kuyumba, mpaka karibu na kona ya kaskazini, na pale ukakutana na mwingine uliokatiza mbele yake, mfupi, upana wa mkeka wa kuswalia. Penye makutano palikuwa na kishimo, kama mtu aliibonyeza saruji kabla haijakauka.

Mimi sikuelewa. Nilisimama na mswaki mkononi kama mtu aliyepotelewa na safari. Naserian alikuwa peku, akiogopa kuchafua, akaukanyaga mstari huku akienda kumwaga maji. Akasimama ghafla. Akarudi nyuma, akaukanyaga tena polepole.

"Dada, vua ndala," akaniambia. "Halafu fumba macho."

Nikavua, nikafumba, nikaanzia mlangoni kwa bafu. Sadiki, unyayo unausikia! Unausikia waziwazi katikati ya mguu, na mguu ukitaka kupotea unajirudisha wenyewe. Nilitembea sebule nzima sioni kitu, mpaka vidole vyangu vikaukuta ule mfereji unaokatiza. Nikasimama. Nilipofumbua macho nilikuwa mahali palepale anaposwalia Mama, nimeielekea kibla. Kutoka penye udhu mpaka penye swala. Ni nani anayekwenda safari hiyo bila kuona?

Nikamwita Mama. Nilimshika mkono mpaka mlangoni kwa bafu, nikamvua kandambili, nikauweka mguu wake juu ya mstari. Vidole vya mguu vikajikunja.

"Nini hiki?"

"Tembea tu, Mama. Ufuate."

Akaenda. Karibu na meza aliupoteza, nikanyoosha mkono kumsaidia, akausukuma. Mguu wake ukatafuta kushoto, ukatafuta kulia, ukaupata. Alipofika kwenye makutano alisimama, kisha akashuka chini mzimamzima. Nilidhani anaanguka, kumbe alikuwa anatafuta kwa mikono. Alipapasa mpaka akakiona kile kishimo kwa vidole vyake, akaweka dole gumba lake ndani. Kishimo kilikuwa kikubwa kuliko dole lake.

"Hili ni dole la baba yenu," akasema.

Ndipo akatueleza jambo ambalo mimi nilikuwa silijui, na sidhani kama wewe unalijua. Sakafu hii ilipolazwa, yeye hakuwepo. Alikuwa Kondoa akimuuguza Bibi Zaina, mama yake Baba, ambaye alikuwa amepofuka kabisa. Nyumba ikiisha, Bibi alikuwa aletwe akae hapa. Na Bibi, Mama anasema, kitu kimoja alikuwa hakitaki katika upofu wake wote, nacho ni kushikwa mkono akienda kuswali. Alikuwa akisema aende mwenyewe au atambae. Baba alijua. Kila lori lililotoka Karatu lilileta salamu zake zilezile: mwambieni Mama mahali pake pa kuswalia pako tayari. Bibi alikuwa akifurahi na kuuliza pamekaaje, na Mama hana la kumjibu kwa kuwa na yeye hajapaona.

Bibi akafariki kabla hajahamia. Baba alikwenda Kondoa kumzika mama yake, akarudi na mkewe. Akamwonesha jiko, akamwonesha vyumba, akamwonesha bomba la maji. Habari ya sakafu hakusema neno.

"Nami nikachukua polishi nikapaka," Mama akasema. Alikuwa anacheka na machozi yanamtiririka, yote kwa pamoja.

Hebu fikiri, Kaka. Baba alipiga magoti kwenye saruji mbichi akamchongea mama yake njia kwa kidole, na huyo mama hakuikanyaga hata mara moja. Kisha tukaja sisi na mablanketi yetu, tukateleza juu yake Ijumaa baada ya Ijumaa, naye amekaa pale anatutazama tukiifukia, na tukimtania anacheka. Kwa nini hakusema? Mimi nadhani ilikuwa inamuuma mno. Mama anadhani aliona haya. Wewe utafikiri lako. Lakini nta ile iliyoificha njia ndiyo iliyoitunza. Miguu yote iliyopita, meza zote tulizoburuta, hakuna kilichoigusa. Na mimi nilikuwa nakaribia kuimwagia tindikali!

Magari kwa magari ya watu yanapita hapa mbele kila siku kwenda kulistaajabia bonde la Ngorongoro, na wana haki, ni kazi ya Mungu. Lakini mimi sijawahi kustaajabu kama nilivyostaajabia kijishimo cha upana wa kidole sebuleni kwetu. Mpaka leo naamka, kabla sijawasha jiko naenda kukitazama.

Adhana ya Magharibi ilitukuta palepale chini na ndoo zetu. Mama akatuamuru tuondoe takataka njiani kwake. Nakunukulia neno lake: "njiani kwangu." Akaingia bafuni, tukasikia maji. Akatoka na kanga yake kichwani, akautafuta mstari kwa mguu, akaenda peke yake, wima, polepole, mpaka kwenye makutano. Akapanga visigino. Akainua mikono, akafunga swala. Naserian alinishika mkono akalitaja jina la Mungu kwa Kimaa, taratibu, na mimi nikabaki na subhanallah mdomoni. Mungu anisamehe, sikuswali mpaka yeye alipomaliza. Nilikuwa namtazama tu.

Jumamosi wanawake walikuja, na dua ilisomwa. Kabla ya chai Mama aliwasimulia, na nani angebaki amekaa? Kila mmoja akajifunga mtandio machoni akataka kujaribu. Mmoja alitoka njiani akaenda kulibusu kabati, tukacheka mpaka tukasahau kwamba tumekuja kuagana. Mke wa imamu alianza safari yake akicheka na yeye, lakini alipofika kwenye makutano vidole vikasimama, alilia, hakutaka kuondoka pale. Wakati wa kwenda zao hakuna aliyemtakia Mama safari njema. Walisema tutaonana Ijumaa.

Sasa, Kaka, nije kwenye neno lenyewe. Sisemi kwamba ulikosea kumwita kwako. Ulitaka kheri, na Mama anajua, anakuombea kwa jina. Ila jana nilirudi kutoka dukani mchana nikiwa na haraka yangu ileile ya kumkimbilia, nikamkuta kwenye kiti anachambua mchele. Alikuwa ameshaswali Adhuhuri, kwa wakati wake, hakuna mtu nyumbani. Nilipopita chumbani nililiona lile sanduku liko wazi kitandani, halina kitu. Nguo zote zimerudi kabatini, zimekunjwa, na zile za Idi zimetundikwa mahali pake. Nilimwandalia chai.

Kwa hiyo mwezi ujao usije kumchukua. Njoo likizo ya Desemba na familia yote mtutembelee. Ukifika, viatu uache nje, na kabla hujamsalimia mtu anzia mlangoni kwa bafu.

Msalimie sana wifi Rukia, umwambie kanga aliyoiagiza nimeipata. Wabusu Kurwa na Doto kwa niaba ya shangazi yao. Swaleh anakusalimu na anaomba korosho. Naserian naye anakusalimu, anasema wakati wowote mkitaka kusafishiwa maungio yenu huko Mtwara, msiguse tindikali. Mungu awalinde barabarani na nyumbani, awape riziki ya halali, na atukutanishe sote chini ya paa hili tukiwa wazima.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye, hata unaponikatiza,

Radhia

Mwishowe nimeona si haki kumficha Mama, nimemsomea barua yote hii. Alisikiliza mpaka mwisho, tofauti na wewe. Saini hawezi tena kuitia kwenye mstari, ameomba wino wa muhuri wa dukani. Dole gumba hilo hapo chini ni lake. Anasema ukilipata, uweke la kwako juu yake.